Chupa ya Siku ya Bendera

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani iliyobandikwa darasani kwa mwanangu, sikuiona, kwa hiyo asije mtu mzima na akili zake akasema nimemsema yeye. Elimu yangu ni darasa la saba. Nawaandikia kina mama wenzangu wenye watoto wanaokunywa maji. Kama mwanao hanywi maji, unaweza kuishia hapa ukaendelea na shughuli zako.

Katika nchi hiyo upo mto unaoitwa Nsola. Unatoka kilima cha Ilemba, unapita katikati ya kijiji, unaingia ziwani. Serikali ya huko iliupenda mto huo mpaka watu wakaumia. Iliufungulia ofisi, ikauwekea bendera, ikauajiria mgambo ishirini wenye virungu, na juu ya wote ikamweka Mlinzi Mkuu wa Mto, Mheshimiwa Lubigisa, mtu mnene, mpole, mwenye viatu vyeupe ambavyo havikuwahi kukanyaga tope. Mgambo waliongozwa na Sajini Tungu. Huyu mkono wake wa kulia ulikuwa mnene mara mbili ya wa kushoto, kwa sababu ya wingi wa kazi.

Mimi nilikuwa mfagizi wa ofisi hiyo. Nilifagia, nilipiga deki, nilichemsha chai, na watu wakishachapwa nilifuta sakafu. Damu ikikauka haitoki kwa maji matupu, mpaka utie majivu. Hilo nawaambia bure.

Ofisi ilikuwa na vipimo viwili, na kazi yote ya serikali pale ilisimama juu ya vipimo hivyo. Cha kwanza ni fimbo ya mpingo, urefu wake mita moja kamili. Aliichonga Mzee Masunzu, mchonga mipini ya majembe, na siku aliyoimaliza alichora alama ya urefu wake kwenye mwimo wa mlango wa nyumba yake, kama mafundi wanavyofanya. Sheria ilisema kutoka ukingo wa maji hadi fimbo sitini, jembe lisipite, ng'ombe asikanyage, mti usikatwe.

Kipimo cha pili ni chupa. Siku bendera ilipopandishwa kwa mara ya kwanza, kijana mmoja alitumwa mtoni kuchota maji ya kumbukumbu. Kijana huyo ndiye huyohuyo Masunzu. Chupa ikazibwa kwa kizibo, ikachorwa mstari mwekundu shingoni, ikawekwa kabatini nyuma ya kioo. Kila mwaka, Siku ya Vipimo, maji mapya ya mto yanachotwa, yanawekwa mezani pembeni ya chupa ile, na viongozi wanatazama. Maji yakifanana, mto ni safi kama siku ya bendera. Ndipo mtoto mmoja wa kijiji anakunywa kikombe kizima cha maji ya mto mbele ya wageni, ili isije ikasemwa kwamba serikali imeongopa. Yasipofanana, mtoto hanywi, na kikao kinaahirishwa. Utaratibu huo ulikuwa umeandikwa kwenye fremu ukutani, na mimi ndiye niliyekuwa nikiufuta vumbi.

Mwanzo yote haya yalikuwa ya kweli, na mtu alikuwa anaona vidole vya miguu yake akisimama mtoni maji yakimfika kiunoni.

*

Kisha kilima cha Ilemba akapewa mwekezaji. Alikuwa shemeji yake Mheshimiwa, lakini Mheshimiwa mwenyewe alituhakikishia kwamba hilo lilitokea tu. Msitu ulikatwa kwa msimu mmoja. Zikapandwa nyanya, kilima kizima, na mistari ya nyanya ilichorwa kutoka kileleni kushuka moja kwa moja hadi bondeni, kwa sababu Mheshimiwa alipenda kuiona imenyooka akiwa ndani ya gari.

Mzee Masunzu akaenda ofisini. Nilikuwa nafuta madirisha, nikasikia yote. Hakwenda na jeuri. Alisalimia, akavua kofia, akasema matuta yakishuka na kilima namna ile mvua itaondoka na udongo, na mbolea, na ile dawa ya wadudu wanayopuliza, vyote vitaishia mtoni na kisha ziwani. Akashauri wayalaze matuta yakate kilima, na waache ukanda wa majani na miti chini.

Mheshimiwa akamshukuru sana kwa uzalendo wake. Akasema maoni ya wananchi ni dhahabu. Kisha akamwambia Sajini ampe viboko kumi, na kwa kuwa rungu la Sajini lilikuwa limepelekwa kufungwa ngozi mpya, akampa fimbo ya kipimo.

Kiboko cha saba ncha ikakatika, kipande cha upana wa vidole viwili. Kikaruka, kikaingia chini ya kabati.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa ofisi kupatwa na jambo kama hilo. Karani akauliza kama fimbo nyingine ichongwe. Mheshimiwa akafikiri, akaagiza faili, akasoma, akasema sheria haitaji urefu, sheria inataja fimbo ya serikali. "Fimbo ya serikali ni mita moja," akasema. "Hii ni fimbo ya serikali. Sasa tatizo lenu nini?"

Masunzu, akiwa bado amelala kifudifudi, akasema, "Sajini, unapiga kwa ncha. Mpingo hautaki hivyo, ndiyo maana umekatika." Akaongezewa viboko vitano, na vipande viwili vingine vikakatika.

Wiki iliyofuata wapimaji walikwenda mtoni na fimbo hiyo. Fimbo sitini ziliishia mahali pengine, karibu zaidi na maji, na ule ukanda uliobaki kati ya alama ya zamani na alama mpya ukaonekana hauna mwenyewe. Mwekezaji akausitiri kwa nyanya.

Toka hapo ikawa ndiyo desturi. Aliyelalamika kuwa nyanya zimesogea alichapwa kwa fimbo, fimbo ikafupika, nyanya zikasogea. Wavuvi walikuja wakiwa wamebeba sato waliokufa, macho meupe, wakasema ziwa limeota ukoga wa kijani na linanuka. Wakachapwa, fimbo ikafupika. Wenye ng'ombe hawakulalamika, wao walileta ng'ombe wao mpaka majini, na hawakuchapwa. Nilipoanza kazi fimbo ile ilinifika kiunoni. Mwanangu Minza alipoanza kutembea, ilinifika nusu ya paja. Alipoanza darasa la kwanza, ilinifika gotini. Nikiifuta nilikuwa nasema moyoni, labda ni mimi ninayerefuka.

*

Mwaka wa mvua kubwa, kilima kiliteremka. Sijui niseme vipi vingine. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua lilikuwa linawaka upande wa ziwani, na juu kukawa na mvumo kama wa lori. Tope likaja na nyanya zake, na vijiti vyake, na madebe ya dawa, likabeba kina mama waliokuwa wanafua kivukoni, likabeba nyumba tisa na waliokuwemo. Tulichimba siku tatu kwa majembe na kwa sahani. Mama mmoja tulimpata ameshika kipande cha sabuni, kidole gumba kimezama ndani ya sabuni. Walikuwa ishirini na mmoja.

Ofisi haikukaa kimya. Wapimaji walitoka na fimbo, wakapima kutoka ukingo mpya wa maji, maana mto ulikuwa umehamia kijijini, wakakuta marehemu wote ishirini na mmoja wako ndani ya fimbo sitini. Kwa hiyo wakafunguliwa shauri la kuvamia hifadhi ya mto. Mheshimiwa alikuja mwenyewe msibani kusoma hukumu. Alisema serikali ina huruma, haiwezi kumchapa maiti, viboko vyao watapokea ndugu zao.

Walichapwa pale pale, turubai la msiba likiwa bado halijakunjwa. Sajini Tungu alifanya kazi mpaka akaomba maji ya kunywa. Tukamletea ya mtoni. Akayatazama, akasema hana kiu tena.

*

Sasa nifike kwenye chupa, maana hapo ndipo dhambi yangu ilipo.

Kizibo kilikuwa kimezeeka. Kila kiangazi maji ndani ya chupa yalipungua upana wa kidole, yanaondoka yenyewe kwa joto. Na agizo lilisema maji yasishuke chini ya mstari mwekundu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliona yameshuka, nikamwendea karani nikamuuliza nifanye nini. Akasema niyaongeze. Nikamuuliza niongeze maji gani.

Akanitazama kama ninavyotazamwa siku zote na watu wenye kalamu. "Dada, chupa ya mto utaiongeza maji gani kama si ya mto?"

Nikashuka mtoni, nikachota, nikajaza hadi mstarini. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Miaka kumi na miwili. Mto ulipokuwa rangi ya chai ya rangi, niliongeza chai ya rangi. Ulipokuwa rangi ya uji wa ulezi, niliongeza uji. Mwaka mmoja kizibo kilipasuka, nusu ikamwagika, nikajaza nusu nzima kabla mtu hajaingia. Na kila Siku ya Vipimo viongozi walisogea, wakavaa miwani, wakaweka maji mapya pembeni ya chupa, na yakafanana kama mapacha. Wakapiga makofi. Hakuna nchi nyingine duniani, walisema, ambayo mto wake haujabadilika tangu uhuru.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya chai. Naapa sikuwa nimefikiri. Mtu akiwa na kazi, akawa na mtoto, kichwa kinajifunza kutofikiri.

Mwaka jana mtoto wa kunywa kikombe alikuwa Kalekwa, binti wa jirani yangu. Alivaa gauni la njano. Alikunywa kikombe chote, akajifuta mdomo, akapigiwa makofi, akapewa daftari. Jioni akaanza kutapika. Kesho yake akaharisha damu. Siku ya tatu akafariki, ana miaka minane. Cheti cha kifo kilitoka ofisini kwetu, nilikipeleka mwenyewe, na kwenye sababu paliandikwa: furaha iliyozidi.

Mama Kalekwa alikuja na kile cheti. Hakupiga kelele. Alikisokomeza kwenye kikombe cha chai cha Mheshimiwa, akasema, "Kunywa na wewe ufurahi." Sajini alimvunja mkono wa kulia kwa rungu, akamalizia kwa fimbo mgongoni. Niliweka majivu mara mbili siku hiyo. Nikiwa nimepiga magoti nafuta, nikainua macho, nikaiona chupa kabatini, rangi yake. Ndipo nikafikiri.

*

Mwaka huu, wiki moja kabla ya Siku ya Vipimo, Mheshimiwa aliniita. Alikuwa na uso wa mtu anayetoa zawadi.

"Mama Minza," akasema, "umetutumikia miaka kumi na miwili bila doa. Ofisi imeona ikupe heshima. Kikombe cha mwaka huu atakunywa binti yako."

Nikapiga goti nikasema ahsante Mheshimiwa. Ungesema nini wewe? Sajini alikuwa amesimama nyuma yangu anajikuna mgongo kwa fimbo.

Nilifika nyumbani, Minza anaruka kamba. Ana miaka tisa, jino moja la mbele halijakomaa. Habari ilikuwa imemfikia shuleni, amefurahi, anauliza kama atavaa viatu. Nikamwambia atavaa. Nikaingia ndani nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na nikausoma kichwani ule utaratibu wa kwenye fremu, neno kwa neno, maana nimeufuta vumbi miaka yote hiyo. Maji yakifanana, mtoto anakunywa. Yasipofanana, mtoto hanywi, na kikao kinaahirishwa. Kwa hiyo nilichotakiwa ni kitu kidogo tu. Yasifanane.

Nikamwendea Mzee Masunzu. Alikuwa barazani anachonga mpini, mgongo wake tangu siku ile umebaki umepinda. Nikamuuliza maji ya siku ya bendera yalikuwaje. Hakushangaa kuulizwa. Akasema yalikuwa kama maji ya Kwa Nyanzobe.

Kwa Nyanzobe ni makaburini. Miti ya pale haikukatwa kwa sababu hata mwekezaji anaogopa wafu, na chini ya miti hiyo kuna chemchemi ndogo. Watu hawakuwa wakichota huko. Tulikuwa tunaona aibu kunywa maji ya marehemu, tukawa tunakunywa maji yanayotuua.

"Unataka kufanya nini, binti yangu?" akaniuliza.

Nikamwambia. Akaendelea kuchonga kidogo. Kisha akasema, "Usimwambie mtu mwingine. Hata mimi hujaniambia."

Alfajiri ya siku yenyewe nilikwenda na Minza, kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Maji yalikuwa yanatoka kwenye mizizi, baridi, unaona chembe za mchanga zinavyocheza chini. Nikajaza dumu dogo kwa ajili ya kazi yangu, na chupa moja ya soda nikamjazia Minza. Alikunywa mafundo mawili, akanitazama kama nimemficha kitu maisha yake yote. Akauliza kwa nini maji haya hayana ladha ya chuma. Nikamwambia yale mengine ndiyo yenye ladha isiyo yao.

Nilipofika ofisini nilifungua kabati, nikamwaga chupa ya taifa kwenye ndoo ya deki, nikaisugua kwa mchanga na majani ya mpapai, nikajaza maji ya Kwa Nyanzobe hadi mstari mwekundu. Kisha nikapiga deki kwa maji ya uhuru.

*

Siku ya Vipimo alikuja Mheshimiwa Waziri mwenyewe kutoka mji mkuu. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe uwanjani, kijiji kizima kimekalishwa chini, mgambo wamezunguka. Mheshimiwa Lubigisa alihutubia kwa muda mrefu. Alisema kuna maadui wanaodai kwamba kinachofanyika kilimani kinashuka mtoni. "Ndugu wananchi," alisema, "kilima ni kilima na mto ni mto. Kila kimoja kina ofisi yake. Haiwezekani kitu cha ofisi moja kiingie ofisi nyingine bila barua." Makofi yakapigwa, mgambo wakiyasimamia.

Maji ya mto yakachotwa kwenye jagi la kioo, yakawekwa mezani. Yalikuwa mazito, juu yana mafuta ya rangi rangi. Chupa ikaletwa ikiwa imefunikwa bendera. Mheshimiwa akavuta bendera.

Chupa ilikuwa inang'aa. Nyuma yake ulikuwa unaona mkono wa Waziri na saa yake.

Watu wa makamo walianza kuinuka mmoja mmoja kuitazama, na mama mmoja mtu mzima akaanza kulia, kwa kuwa aliyakumbuka.

Nikangoja neno la kuahirisha. Mheshimiwa akafungua kitabu cha utaratibu, akafunga. Jasho likamtoka. Kisha akapata maneno. Akasema ni wazi kabisa kwamba chupa imehujumiwa. "Maji haya hayana kitu ndani," akamwambia Waziri. "Yameibiwa udongo wetu, yameibiwa rutuba yetu. Haya ni maji matupu."

Waziri akauliza basi itajulikanaje maji ya kweli ni yapi. Na hapo, wenzangu, ndipo nilipojua kwamba kwenye fremu ya ukutani hawakuwa wameandika yote waliyonayo moyoni. Waziri alisema jambo ni rahisi, mtoto yupo, anywe yote mawili, aseme.

Minza akaitwa. Alikwenda anatembea kwa madaha, na viatu. Wakampa kwanza ya chupa. Akanywa, uso ukachanua. Mtoto ni mtoto, akasema kwa sauti ya darasani, "Haya ni ya Kwa Nyanzobe."

Sajini Tungu aligeuka taratibu, akaanza kutazama nyuso. Akauliza ni nani aliyekwenda Kwa Nyanzobe. Macho yake yakapita kwa huyu, yakapita kwa yule, yakanifikia mimi na trei yangu, yakasimama. Nilifungua mdomo. Mpaka leo sijui ulikuwa unataka kusema nini. Na mezani Waziri alikuwa ameshamimina kikombe cha pili, cha mto, amempa mwanangu mkononi, na mwanangu, kwa adabu niliyomfundisha mimi, alikuwa anakipeleka mdomoni kwa mikono miwili.

Mzee Masunzu akapita katikati ya watu na mgongo wake uliopinda. Akakitwaa kile kikombe mdomoni kwa Minza, akakimimina chote juu ya viatu vyeupe vya Mheshimiwa. Vikawa rangi ya mto.

"Chupa nimejaza mimi," akasema. "Nilitumwa kuijaza siku ya bendera, nikaijaza. Safari hii nimejituma."

Sajini akaanza na rungu, magotini, ili ashuke chini. Kisha Mheshimiwa akasema hapana, huyu ni mtu wa fimbo. Wakamlaza kwenye kitambaa cheupe walichokivuta mezani. Walipiga wakipokezana. Fimbo ilikatika, wakapiga kwa kilichobaki, kikakatika, wakapiga. Mzee alisema mara moja tu, "Nilisema msipige kwa ncha." Baada ya hapo hakusema. Niliona vipande vya mpingo vinaruka kama vipande vya mpini akiwa barazani kwake anachonga. Minza alinikimbilia, nikamziba macho kwa aproni ya kazi. Masikio sikuweza kumziba, mkono mwingine ulikuwa na trei.

Wala sikusema. Andikeni hilo. Alipokufa nilikuwa nimeshika trei, na chai ilikuwa haijamwagika.

Cheti chake nilikipeleka mimi. Sababu ya kifo: uzee.

*

Serikali haikupoteza muda. Wiki hiyo hiyo iligundulika kuwa chemchemi ya Kwa Nyanzobe inatoa maji yasiyofanana na ya taifa. Miti ikakatwa, mizizi ikang'olewa, zikapandwa nyanya katikati ya makaburi, matuta yakishuka na mteremko. Mwili wa Mzee Masunzu walituachia baada ya hapo, tukamchimbia kaburi kwenye mistari ya nyanya. Chemchemi ilitoa maji ya tope siku sita, halafu ikanyamaza.

Mheshimiwa Lubigisa amepandishwa cheo, sasa analinda ziwa lote. Fimbo imebaki sawa na kijiko cha uji. Wanaitunza ndani ya kisanduku chenye kitambaa, na wapimaji wakienda mtoni mmoja anapima huku mwingine ameshika kifuniko. Fimbo sitini ni hatua kumi na mbili za mtu mzima. Kwenye mwimo wa mlango wa Mzee Masunzu ile alama ya mita ilikuwepo bado. Watoto walikuwa wanaenda kusimama pale kujipima. Sajini alipita akaing'oa na mlango wake.

Chupa niliambiwa niisafishe na hujuma. Nikashuka mtoni, nikachota, nikajaza hadi mstari mwekundu. Nilijaza, ndiyo. Nina mtoto.

Siku ya Vipimo inakuja tena, na safari hii kila nyumba imetakiwa itoe jina la mtoto. Wewe unayesoma na mto wako ni mwingine, na kilima chako kina jina lingine, nakuomba kitu kimoja. Kabla hujamjazia mwanao kikombe, toka nje, inua macho utazame juu kule maji yanakotoka. Angalia nani analima, analima wapi, matuta yanakwenda upande gani, na kati ya jembe na maji kumebaki nini. Usingoje ofisi ikulinganishie. Mimi ndiye niliyekuwa nawajazia wao cha kulinganisha.

Ile chupa ya soda ya Minza haikuisha siku ile. Iko uvunguni, nyuma ya sanduku la nguo, kizibo chake nimekifunga kwa nailoni, lakini maji yanapungua hivyo hivyo. Kila Jumamosi naitoa, naiweka juani mlangoni, mimi na mwanangu tunaitazama, na Minza anachora kwa kalamu mahali maji yalipofika. Mistari imekuwa kumi na mmoja, kila mmoja chini ya mwenzake. Juzi aliniuliza kama tuongeze kidogo ya mtoni, isije ikaisha.

Nikamwambia tuiache iishe.